Walifika Kabla Yetu

Kila tulipofika, wao walikuwa wameshafika. Tulipanda vitongoji vya juu, upande wa Momela, kuzungumza na watu ambao mahindi yao huliwa na nyati kila msimu, tukakuta wapinzani wetu wamepita asubuhi ile ile na kuahidi uzio. Tulishuka Usa River kuwasubiri wafanyakazi wa mashamba ya maua wakitoka zamu, tukawakuta wapinzani getini na maspika yao, wanacheza. Hata tulipoamua kwenda kimya kimya kwa wajane wachache, jambo ambalo hatukulitangaza popote, mjane wa kwanza alitufungulia mlango akiwa amejifunga kanga ya mgombea wao. Alitukaribisha chai, akasema ila hotuba tumwachie, ameshazisikia.

"Hapa kuna mtu anatuuza," alisema wifi yangu tulipotoka.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye aliyekuwa anagombea udiwani. Mimi ndiye niliyemtafutia watu wa kujitolea: akina mama wa vikoba, vijana wa bodaboda, mwalimu mmoja mstaafu anayezijua koo zote za mlima ule, na dereva wa gari la matangazo. Ni fundi cherehani, nina kibanda karibu na stendi, na mtu ukishampima kiuno haoni tabu kukuambia mambo yake. Ndiyo maana nilipewa kazi ile. Na ndiyo maana, walipoanza kumtafuta msaliti, macho yalinigeukia mimi.

Siwezi kuwalaumu kwa kushuku, kwa sababu mimi nilianza kabla yao. Jioni tulipokutana sebuleni kwa mama mkwe kupanga ya kesho, nilikuwa nawaangalia mmoja mmoja kwa jicho la pembeni. Nani amelaza simu kifudifudi. Nani anakwenda chooni mara tu mahali panapotajwa. Mwalimu alikuwa anaandika muda wote, anaandika nini? Dereva alikuwa anasinzia, nikajiuliza ni usingizi gani huo unaokuja kila tunapofika kwenye jambo la maana. Nikamtega. Nilimnong'oneza yeye peke yake kwamba kesho tutaanzia mnadani, na kesho yake hakuna mpinzani aliyeonekana mnadani. Nikamtega mwalimu vilevile, naye akatoka safi. Badala ya kufurahi nilikasirika, maana nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuwaambia.

Kumbe na mimi nilikuwa napimwa. Kwanza ulikuwa utani. "Nyie Wachaga kwa biashara hamjambo," dereva alisema, "hata siri mnaweza kuitia kwenye mizani." Tulicheka. Mume wangu ni Mmeru, mimi natoka Kibosho, na utani wa namna hiyo nimeishi nao tangu nilipoolewa. Lakini vicheko vikapungua. Mama mmoja akakumbuka kwamba gauni la mke wa mpinzani wetu nililishona mimi. Ni kweli nililishona, na lilimkaa vizuri sana. Nikauliza kwa sauti kama sasa fundi anatakiwa kushona nguo za chama kimoja tu. Yule mama akaanza kukusanya vikombe.

Jioni iliyofuata nilikuta mlango wa sebule umerudishiwa. Wifi yangu alitoka, akanishika bega, akaniambia kwa upole kwamba leo nipumzike, nimechoka. Nilikuwa sijachoka. Nikaenda jikoni kwa mama mkwe tukamenya ndizi, huku nikisikia sauti za watu niliowatafuta mwenyewe, nyumba kwa nyumba, wakipanga mambo bila mimi. Mama mkwe hakuniuliza kwa nini siko na wenzangu. Nikamshuku na yeye, kwamba amewekwa pale anichunge.

Kesho yake wapinzani walitutangulia tena. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikasema haya, sasa mmeona wenyewe, mimi sikuwemo kikaoni. Wakasema mume wangu alikuwemo.

Hapo ndipo niliposhikwa na hofu ya kweli. Uchaguzi ungepita na mabango yangebanduliwa, lakini mimi ningebaki kwenye ukoo ule, kwenye misiba yao na harusi zao, nikiwa mke aliyemuuza wifi yake. Wanangu wangekua wakisikia hivyo. Nilitaka jina langu lisafishwe kabla siku ya kura haijafika, maana baada ya hapo nani angekuwa na haja ya kulizungumzia tena?

Mama mkwe ana goti linalomsumbua. Alfajiri moja alinitumia mtu niende nimshike mkono hadi kwenye maombi ya akina mama, yale yanayozunguka kutoka nyumba hii hadi ile kabla watu hawajakwenda shamba. Mimi huwa siendi, asubuhi ninakuwa na nguo za watu. Nilikwenda nikiamini kabisa kwamba ananipeleka nikatubu.

Tulipiga magoti kwenye mkeka. Wakaombewa wagonjwa, ikaombwa mvua, kisha ikafika zamu yake. Mama mkwe anajua kuomba. Hana haraka, na humweleza Mungu mambo kwa kituo, kama anayemwelekeza mgeni njia.

"Baba," alisema, "mwanangu leo anapanda kule juu, kitongoji cha mwisho kabla ya hifadhi. Wataanzia kwa yule mzee mwenye mashine ya kusaga, saa nne, halafu washuke na mfereji wakutane na vijana. Walinde kwenye lile korongo, Bwana. Mlainishe yule mzee, unajua ana kinyongo na sisi kwa ajili ya mpaka wa shamba. Na jioni wakiwa getini kwa maua, Baba, uwatangulie."

Nilifumbua macho. Ilikuwa ratiba nzima, haikukosa kitu, pamoja na udhaifu wa kila tunayemwendea. Bila shaka kila jioni, kikao kikiisha, wifi yangu alipita kwa mama yake kumweleza ya kesho ili aombewe. Tuliitikia amina. Amina kubwa kuliko zote ilitoka nyuma yangu, kwa mama mmoja ambaye ni dada wa mke wa mpinzani wetu, muumini mzuri tu wa usharika wetu. Chai ilipoletwa hakuingoja, alisema ameacha maziwa jikoni.

Nilimkuta wifi yangu anavaa viatu, nikamweleza yote pale pale. Nilitegemea atanikumbatia. Aliketi, akacheka mpaka akatoa machozi, kisha akajifuta uso.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Nimekuja kwako kwanza."

"Basi usimwambie mtu, wifi. Mama ana presha. Nimwambie nini, kwamba maombi yake ndiyo yananiangusha? Ataacha hata kula."

"Na mimi je?"

"Wewe vumilia kidogo. Kura zikishapigwa nitakusafisha mbele ya watu wote. Haki ya Mungu."

Akafunga kiatu cha pili taratibu. "Mama ataendelea kuomba," alisema. "Ila mahali pa kuombea nitamchagulia mimi."

Ikawa hivyo. Vikao vikahamia kwa mwalimu, kwa kisingizio cha kutomchosha mama. Kila jioni wifi yangu alipita kwa mama yake na kumpa ratiba ya uongo, na kila alfajiri mama aliipeleka mbele za Mungu kwa moyo wake wote. Gari la wapinzani lilipanda hadi Momela likahutubia migomba, sisi tuko Usa River tunashikana mikono na watu wa maua. Mimi mwenyewe sikuyaona hayo, nilisimuliwa na mume wangu. Nilikuwa kibandani napinda kanga za kampeni, kwa sababu kunirudisha kungewafanya watu waulize. Dereva alipita kuchukua mzigo akaniambia usoni kwamba tangu niwekwe pembeni mambo yamenyooka. Nilitamani kumrushia mkasi. Nikamfungia mzigo wake, akaondoka.

Tulishinda. Siku ya shukrani ua ulijaa watu, kukawa na mbuzi na masufuria ya loshoro, mahindi na maziwa ya mgando kama wanavyopenda huku. Nilivaa gauni jipya, nikakaa mbele. Wifi yangu alisimama akawashukuru vijana, akina mama, mwalimu, dereva. Akafika kwangu. "Na wifi yangu," alisema, "aliyetushonea." Watu wakapiga makofi mawili matatu, akaketi.

Nikajiambia labda amesahau, atasimama tena. Aliyesimama ni mama mkwe. Alikuja na goti lake hadi nilipo, akanishika mkono, akasema tuombe.

"Baba, nakushukuru kwa ajili ya huyu mkwe wangu. Ulijua alilokuwa akifanya, na mimi niliambiwa nikanyamaza, nikamleta kwako. Siku ile ile ulimgusa, na tangu hapo siri zetu hazikutoka tena. Msamehe, Baba, kama sisi tulivyomsamehe."

Alinibana mkono kwa furaha. Niliinua kichwa. Ua mzima ulikuwa umeinama na kufumba macho, isipokuwa wifi yangu. Alikuwa ananitazama moja kwa moja, na mimi nikamtazama, nikamsubiri. Akafumba macho, akaitikia amina pamoja na wenzake.