Farasi wa Curtis

Kila kiangazi Lorna Hostetter, mpishi wa shule huko Pennsylvania, na mumewe Dwight walikuwa wakipiga hema na farasi wao wawili karibu na uwanja wa kale wa vita wa Gettysburg, ambao sasa hutembelewa na watalii. Mmoja wa farasi hao, Biskuti, alikuwa wa mwana wao Curtis, aliyekuwa jeshini ng'ambo.

Mwaka huu, asubuhi ya pili, Biskuti alikataa majani, akawa anajitupa chini na kugaagaa. Ili asijiumize kwa kugaagaa, Lorna alimtembeza kando ya mizinga ya zamani ya vita mpaka yeye mwenyewe miguu ikamuuma, huku watalii wakiwapiga picha. Daktari wa mifugo alipofika, alimpima akatikisa kichwa.

"Utumbo umejisokota, mama. Kwa uzee huu hatahimili upasuaji."

Walimpigia Curtis simu, hakupatikana. Farasi alikuwa akigumia kwa maumivu. Lorna akasema, "Basi mchome sindano ya mwisho, apumzike milele."

Jioni Curtis akapiga, sauti imechangamka. Dwight akanong'ona, "Usimwambie leo. Yuko peke yake kule."

"Mama, Biskuti hajambo? Bado anaiba matufaha?"

Lorna alifungua kinywa amdanganye, akashindwa. "Amekufa, mwanangu. Leo mchana."

Curtis akauliza, "Nani alikuwa naye?"

"Mimi. Nilimpakata kichwa."

"Asante, mama," akasema, kisha akaangua kilio.

"Umefurahi sasa?" Dwight akafoka. Akatoka hemani akaenda kusimama na farasi aliyebaki, na yeye na Lorna hawakusemezana mpaka nyumbani.