Wayua Apimwa Pande Zote

Jirani yangu Wayua, wa hapa Kaloleni, amesimamia wafungaji wa biskuti katika kiwanda kimoja cha Industrial Area kwa miaka kumi na tisa. Mwezi wa tatu afisa mpya wa wafanyakazi aliwaita wasimamizi akawaambia kuna tathmini ya thrii siksti.

Wayua aliniuliza maana yake. Nikajidai mjuzi, kwa kuwa niliwahi kuwa karani wa reli. Nikamweleza kwamba mzunguko kamili una nyuzi mia tatu na sitini, kwa hiyo utapimwa na walio juu yako, walio chini yako na walio kando, kisha ujipime mwenyewe. Afisa alikuwa ameapa kwamba fomu ni siri na hakuna atakayeumia. Hapo ndipo nilipoingiwa na shaka, maana aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kila mtu kiwandani alijua kuna watakaopunguzwa, na Wayua hakuwa akila vizuri.

Wenzake walijipa tano juu ya tano. Yeye alilelewa kanisani Machakos, ambako mtu hajisifu bali huungama kwanza. Penye swali la mapungufu akaandika kama anayetoa ushuhuda: kwamba ana huruma kupita kiasi, na kwamba humwacha Lorine, kibarua wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben mwenye mimba ya miezi saba, akalie katoni mashine zikiendelea. Alinisomea. Nikamwambia Mungu hupenda ukweli. Mjinga mimi.

Wiki mbili zikapita kimya. Ijumaa akaitwa ofisini, akaenda amevaa sweta ya kwaya. Afisa akamwambia pande zote zimemsifu na kazi yake iko salama. Wayua akamshukuru Mungu palepale. Kisha afisa akaigeuza fomu aliyojijazia Wayua mwenyewe. Jina moja lilikuwa limepigiwa mstari.

"Huyu tumeshamtoa," akasema. "Asante kwa uwazi wako, mama."

Jioni Lorine akabisha mlangoni kwa Wayua, nami nilikuwepo. Hakuja kugombana. Alikuja kumwomba msimamizi wake amtetee, maana hakuwa na mwingine pale kiwandani.

"Mama, kwa fomu yako mimi nilikupea tano zote," akasema. "Sasa ni nani alinichoma kwa afisa?"

Wayua akanitazama.