Sentensi Aliyoondoka Nayo Bibi

Usiku ule nililala na soksi mbilimbili, begi langu likiwa limefungwa zipu mlangoni, maana ndege ilikuwa inakuja kesho yake na nilikuwa nimeamua kurudi kwetu Lushoto. Nilikuwa mkunga katika kijiji kimoja cha milimani Papua, kijiji kisicho na barabara, ambako mtu huingia na kutoka kwa ndege ndogo au kwa miguu siku nne. Baridi nilikuwa nimeizoea, na matope pia. Kilichonishinda ni nguruwe.

Habari yenyewe ni fupi na ya aibu. Mama Ropa, jirani yangu na mkubwa wa wanawake wa pale, aliniletea jike la nguruwe kwa kamba, shukrani yake baada ya mimi kumzalisha binti yake salama. Kule nguruwe hutolewa kwa jambo zito: mahari, msiba, kupatanisha koo zilizopigana. Mimi Zaina, mtoto wa watu wa msikitini, niliruka nyuma na kuinua mikono kama aliyeona nyoka. "Hapana! Hapana! Mimi Mwislamu!" Wao walisikia hapana tu. Tangu siku ile hakuna mwanamke aliyekanyaga zahanati. Hata Sela, mkwe wa Mama Ropa, mwenye mapacha tumboni na mmoja amekaa vibaya, alikuwa akinipita njiani huku akitazama vidole vyake vya miguu. Nilijua kwamba akijifungulia kibandani, kama desturi yao, tunaweza kuwapoteza wote watatu. Nilijua, na bado nikafunga begi.

Basi nikalala. Mara niko uwanja wa ndege, na ni mchana mweupe. Uwanja wa kule ni kipande cha nyasi kwenye mteremko. Ndege hutua ikipanda mlima na huondoka ikiteremka. Ikatua, mlango ukafunguka, akashuka Bibi, mzaa mama yangu, marehemu Bibi Mwanaidi, na kanga zake mbili na raba za mjomba miguuni. Hakuna aliyeshangaa, hata mimi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mmekosa kabisa pengine pa kuishi?"

Lazima niseme jambo kuhusu Bibi. Alikuwa msemaji. Alisema akipika, alisema akila, na tulimsikia akisema usingizini. Alifariki katikati ya sentensi. Alinishika mkono akaniambia, "Zaina, mtu akikupa kitu, hata kama..." akakata roho. Matanga mazima watu walikuwa wakiimalizia. Mjomba alishikilia kwamba ni "hata kama ni kidogo, shukuru." Mama mdogo akasema la, ni "hata kama ni ndugu yako, andikishianeni." Mpaka leo wanasalimiana kwa shida. Mimi niliyeambiwa sikuwa na la kusema, na liliniuma sana.

Sasa watoto wa kijiji wanatujia mbio, wanapiga kelele. "Bubu! Bubu amekuja!"

Bibi anasimama. "Nani bubu?"

"Bibi, huku wana maana ya..."

"Mimi bubu? Mimi niliyekufa nikiongea?"

Namweleza kwamba kwa Kipijini, lugha yao ya kuelewana, bubu ndiye bibi, na bibi naye humwita mjukuu wake bubu. Anafikiri kidogo.

"Kwa hiyo hata wewe ni bubu."

"Ndiyo, Bibi."

"Hapo wamepatia," anasema, na anaendelea kutembea.

Kule kila abiria hupimwa uzito pamoja na mzigo wake. Rubani anatuita kwenye mizani ile ya kupimia magunia ya kahawa. Bibi anapanda kwa madaha. Mshale hautikisiki.

"Sifuri," rubani anasema, anaandika.

"Sifuri gani? Nimekula ugali wa bada miaka themanini! Pima tena."

Anapimwa tena. Sifuri. Bibi anashuka akisonya, anasema mizani za watu hawa ni za kupunja. Kisha napanda mimi na begi langu, na mshale unazunguka mpaka unagonga mwisho na kubaki hapo ukitetemeka.

"Huyu haondoki," anasema rubani. "Fungua begi."

Nafungua. Ndani, juu ya sare zangu nilizozikunja vizuri, amelala lile jike la nguruwe, anatafuna kaukau. Na kaukau ya kule si ile ya pakiti tunayonunua dukani. Ni kiazi kitamu, na kilikuwa changu.

Nilipoinua kichwa hapakuwa uwanja tena. Tuko ndani kwa Mama Ropa, katika nyumba yao ya mviringo ya nyasi, moshi unatuchoma macho. Bibi amekaa katikati ya wanawake kama aliyezaliwa nao. Amejitundika kwenye paji la uso ule mfuko wao wa kamba za kusuka, na kanga yake moja amemfunga Sela tumboni. Kila mtu ananitazama, nguruwe akiwemo.

"Umewafanya nini watoto wa watu?" Bibi ananiuliza.

"Ni nguruwe, Bibi."

"Naona ni nguruwe. Nimekufa, sijapofuka."

"Sasa ningefanyaje? Si haramu?"

"Haramu kumla. Mama wa watu alikwambia umle? Alikuletea kamba, ushike kamba." Anageukia wanawake, ananisema mbele yao, nao wanaitikia kama wanaojua Kiswahili. "Tumewafundisha kutoa ni moyo. Na kupokea ni nini, ini?"

Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Ndipo akanishika mkono, mkono uleule, vilevile alivyonishika siku ile.

"Zaina," anasema polepole, "mtu akikupa kitu, hata kama hukili, pokea kwanza. Pa kukipeleka utapaona baadaye."

Nalia ndotoni kama mtoto. "Ndiyo hiyo sentensi, Bibi?"

"Ndiyo hiyo. Mwambie mjomba wako amekosea. Mama yako mdogo naye amekosea, tena yeye sana."

"Na najisi je?"

"Utanawa mara saba, moja kwa udongo. Huku udongo umeadimika?"

Nataka kumwambia akae, hata kwa chai tu. Lakini ndege inanguruma, na kwa kuwa hana uzito, Bibi ananyanyuka kabla yake, raba moja ya mjomba inadondoka.

Nikaamka. Ngurumo ilikuwa ya kweli; ndege ilikuwa inazunguka mlima. Nililiruka begi mlangoni nikakimbia na soksi zangu hadi kwa Mama Ropa. Alikuwa uani akimenya viazi, Sela ameketi pembeni akishika kiuno, na jike la nguruwe limefungwa kwenye uzio.

"Mama Ropa," nikasema, "nimekuja kupokea." Nikanyoosha mikono yote miwili.

Aliendelea kumenya. "Si ulimkataa?"

"Mungu wangu hataki nimle. Hakuniambia niukatae mkono wako. Nilikosea, mama. Nisamehe."

Akaweka kisu chini, akafungua kamba, akanikabidhi. Nguruwe akajifuta pua kwenye soksi yangu. Nilisimama naye hivyo mpaka kila jirani akaona. Kisha nikamwekea Sela kamba mkononi.

"Huyu ni wa hao wawili tumboni. Lakini utakuja kulala zahanati leo hii. Usingoje uchungu."

Sela alimwangalia mkwewe. Mama Ropa aliangua kicheko, akamwinua kwa mkono wake mwenyewe. Ndege ikatua, ikangoja, ikaondoka na kiti changu kitupu.

"Nani amekufundisha?" Mama Ropa aliniuliza tukiwa njiani.

"Bubu," nikajibu.

Akaitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa jambo lililo wazi kabisa. Sela alipokwisha kulala kitandani na mapigo yote mawili nimeyasikia, nikateremka mtoni kunawa, mara saba, moja kwa udongo, nikicheka na kulia kwa pamoja kwamba bubu wetu hatimaye amemaliza kusema.