Saa Moja na Dakika Ishirini

Madereva wenzake walimwita Kilomita, kwa sababu ukimuuliza umbali wa mahali popote alikujibu kabla hujafunga mdomo. Baba yangu aliendesha lori miaka ishirini na sita kwenye barabara moja tu, kutoka kwetu hadi mji wa mpakani. Kilomita elfu moja mia mbili na arobaini. Siku tatu kwenda, siku tatu kurudi, na pancha juu yake.

Mimi nakata tiketi za ndege. Kwangu safari hiyo hiyo ni kilomita mia nane na sabini, saa moja na dakika ishirini; upepo ukiwa mkaidi, ongeza tano. Namba hizo nazitaja mara kumi kwa siku, na sijawahi kumdanganya mteja hata dakika moja.

Mwaka huu presha ya macho ilimmaliza jicho la kushoto. Daktari akasema la kulia lisipopasuliwa wiki hii nalo litazima, na bingwa wa kazi hiyo yuko huko huko mpakani. Nikamkatia baba tiketi, nikaomba ruhusa kazini nimsindikize. Asubuhi ya safari akatia ngumu.

"Nitapanda basi."

"Baba, basi ni siku mbili! Miadi ni kesho."

"Basi nisiende."

Nikadhani anaogopa, nikamtania. "Yaani mtu aliyeteremsha lori mlimani breki zimekata, leo anaogopa kiti chenye mkanda?" Hakucheka. Nikapandwa na hasira, nikammwagia hesabu zangu zote. Saa moja na dakika ishirini tu, baba, ukisinzia hata ndoto huimalizi! Kila nilivyozidi kuifupisha ile safari, ndivyo alivyozidi kununa. Nje teksi ilikuwa inapiga honi. Jicho lenyewe ndilo hilo moja, na yeye kakaa kitandani kama mtoto aliyesusa.

"Mama yako alipozidiwa," akasema, "simu yenu ilinikuta kule mpakani. Niliondoka pale pale. Sikulala njiani hata lepe. Nikafika mmeshazika."

"Najua, baba."

"Nilijiambia hakuna binadamu ambaye angewahi. Miaka kumi na tisa najiambia hivyo." Akanigeuzia lile jicho lake. "Hii ndege yako, siku zile ilikuwepo?"

Ilikuwepo. Nilipoanza kazi, miaka mitatu baada ya msiba, nilizikuta ratiba za zamani kabatini, na wiki ile ndiyo niliyoitafuta kwanza. Ilikuwa inaruka Jumatatu na Alhamisi. Simu tulimpigia Jumatano. Mama alikata roho Ijumaa jioni, na tangu mchana alikuwa anamuulizia.

"Haikuwepo, baba," nikasema. "Njia hii ilifunguliwa juzijuzi tu."

"Una hakika?"

"Si ndiyo kazi yangu?"

Akashusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea. Akanyanyuka, akaniomba koti lake. Nilimvalisha na kumfunga vifungo huku machozi yananitiririka, nikashukuru kwamba haoni vizuri.