Bahari Sebuleni kwangu Malangali

Nilirudi Sumbawanga kutoka Dar es Salaam nikiwa sina nywele, sina titi la kushoto, na sina hamu tena ya kusikia neno pole. Lakini watu wa mtaa wetu wa Malangali walikuwa wamejiandaa. Wanawake wa jumuiya, majirani na ndugu kutoka Milepa walijaa sebuleni, wakakaa wakinitazama kama waliowahi msibani. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini, cherehani yangu nitamwachia nani.

"Simwachii mtu," nikasema. "Naitumia."

Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, alinikata jicho. Kwake ilikuwa utovu wa adabu. Mgonjwa anatakiwa anyenyekee.

Kilichonitia kiburi nilikikuta Dar. Wakati wa matibabu nilipanga chumba kwa mzee mmoja, mstaafu wa bandarini, na sebuleni kwake palikuwa na tangi la vioo lenye maji ya bahari. Ndani kulikuwa na samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, na vitu nilivyodhani ni maua ya plastiki. Mzee akanieleza kwamba ni matumbawe, tena ni viumbe hai. Hakuyavunja baharini, alikuwa akikata vipande vya yale aliyonayo na kuvikuza humo humo. Siku ambazo dawa ilinigeuza tumbo nikashindwa hata kunywa uji, nilikaa mbele ya lile tangi nikiyatazama yakifunguka taa ikiwaka. Nikamwambia nitaweka la kwangu Sumbawanga.

"Kule kwenye baridi?" akauliza.

"Huko huko."

Hakucheka. Akaanza kunifundisha.

Kwa hiyo, nywele zilipoanza kuota, nilikwenda kwa fundi vioo wa mjini. Alidhani nataka kabati la kuuzia maandazi. Nilipomwambia tangi la samaki, akauliza kama nitafuga perege. Alikata vioo vinene, akaviunga kwa gundi ya silikoni, na seremala akanitengenezea meza nzito ya kulibeba. Maji nilichukua yaliyochujwa, kwa wauza maji ya kunywa, kwa sababu mzee alinionya kuhusu ya bomba. Chumvi ilikuja kwa basi kutoka kwa mzee, ndani ya ndoo.

Dada alifungua ile ndoo, akachovya kidole, akalamba.

"Hii si chumvi tu? Dukani imekosekana?"

"Ya dukani haina vitu vyote vya bahari, dada. Samaki watakufa."

"Na hii ikija kwa basi hawafi?"

Nilikoroga, nikapima kwa kipimo cha chumvi, nikapanga mawe, nikawasha pampu na hita. Halafu hakuingia samaki hata mmoja. Mzee alikuwa amesisitiza kwamba maji mapya hayana uhai. Nidondoshe chakula kidogo kioze, na wale wadudu wasioonekana wanaokula sumu ya uchafu wazaliwe kwanza kwenye mawe. Nilipima kwa matone ya dawa: rangi ikiwa kijani, sumu ipo, ikiwa njano, nafuu. Wiki baada ya wiki ilikuwa kijani. Wageni walikuja kunijulia hali wakakuta nimeketi mbele ya mawe ndani ya maji. Nilijua wanachosema wakifika nje. Ugonjwa umepanda kichwani.

Hata mama wa Wampembe, kule ziwani, aliyekuwa akituletea samaki wakavu aina ya migebuka, alisimama mlangoni na beseni lake kichwani akashangaa.

"Ziwa lote lile liko kule chini, wewe unaagiza samaki Dar?"

"Hawa ni wa baharini."

"Wanaliwa?"

"Hawaliwi."

Alicheka mpaka akashusha beseni. "Basi mama, wewe una jeuri."

Lilikuwa neno la kwanza tamu kusikia tangu nirudi.

Hatimaye matone yakatoa njano na yakabaki njano. Mzee akafunga samaki wawili, konokono wachache na vipande vya matumbawe laini kwenye boksi la kuhifadhia baridi, akawapakia kwenye basi. Niliiacha mifuko yao ielee juu ya maji ipate joto sawa, kisha nikawazoesha maji ya tangi taratibu, nikiyadondosha mifukoni kwa mpira mwembamba. Walipoachiwa walijificha nyuma ya jiwe. Dada aliinama, akatafuta, akasema, "Ndio hawa?"

Kisha ukaja msimu wa baridi, ule upepo wa Ufipa unaopita chini ya mlango. Mchana mmoja umeme ukakatika. Nilisubiri, haukurudi. Pampu kimya, hita imezima, na kipimajoto kinashuka. Niliwasha pampu ndogo ya betri ili wapate hewa, nikafunika tangi kwa mablanketi ya kitandani kwangu, nikawasha jiko la mkaa uani. Nilikuwa nachemsha maji, najaza kwenye chupa, nafunga vizuri, naiacha ielee tangini. Chupa ikipoa naitoa. Mkono wa upande niliopasuliwa ulianza kuvimba.

Dada akanikuta hivyo.

"Acha! Utajiua kwa ajili ya samaki?"

"Niletee chupa ile."

"Mdogo wangu, nikuulize." Alikaa kwenye kiti, akajifunga khanga upya. "Ukifa, hawa atawalisha nani?"

Tangu nirudi, hakuna aliyekuwa amelitamka neno hilo la kufa mbele yangu. Wote walikuwa wakilizungukazunguka kwa maombi na matunda. Nilifuta mikono.

"Utawalisha wewe," nikasema. "Kwa hiyo inuka nikufundishe. Na leo sifi."

Dada akainuka, akachukua sufuria. Tulibebeana maji mpaka jioni umeme uliporudi, yeye akinung'unika kwa Kifipa njia nzima kutoka uani mpaka sebuleni.

Samaki mmoja alikufa kesho yake. Nililia, sitaficha. Shemeji yangu mmoja akasema sasa nimeshaona, niliuze tangi. Nikaagiza samaki mwingine.

Dada alifundishika vibaya. Aligoma kuamini kwamba maji yakipungua unaongeza yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi yenyewe haipandi hewani pamoja na maji. Alilisha kupita kiasi, nikampokonya kopo. Lakini ilipofika zamu ya kurudi Dar kupimwa, ni yeye niliyemwachia ufunguo.

Daktari aliangalia picha, akasema haoni kitu, nirudi tena baada ya miezi kadhaa. Sikupiga magoti. Nilishukuru, nikatoka, nikaenda moja kwa moja kwa mzee. Alinionyesha tumbawe gumu, dogo kama kifungo cha koti.

"Hili usilitake," akasema. "Litakuchukua miaka kulifikisha ukubwa wa sahani."

"Lifunge."

Nilisafiri nimelipakata, Mbeya, Tunduma, Laela, nikimkatalia kondakta kila alipotaka kulipeleka kwenye buti. Stendi ya Sumbawanga dada alikuwa akinisubiri ndani ya sweta mbili. Hata sikupata nafasi ya kusema shikamoo.

"Yule mpya ni mgomvi," akaanza. "Anamfukuza mwenzake kila nikilisha. Nimewakemea wote wawili."

"Daktari amesema..."

"Utaniambia nyumbani. Hicho ulichobeba ni nini tena?"