Kiwiko cha Askari wa Plastiki

Mdomo uliponza kichwa. Siku ya mwaka mpya, nyumbani kwa mama mkwe kule Gatuanyaga, nilijisifu mbele ya watu kwamba hakuna toi, hata sanamu la plastiki la watoto, linalonishinda kurekebisha. Mkono ulionyooka kama mwiko naukata, naupachika kiwiko, napaka rangi mpaka mshono usionekane. Watu walicheka, isipokuwa mama mkwe. Wiki mbili baadaye alibisha mlangoni kwangu mtaani Kimbo, akafungua leso na kuniwekea mezani askari wa plastiki.

Nilimjua askari huyo. Alikuwa wa shemeji yangu, kitinda mimba wa mama mkwe, aliyefariki mwaka uliotangulia. Tangu mazishi mama hakuwa amelitaja jina la mwanawe hata mara moja, nasi tukajifunza kutolitaja.

"Alikuwa analalamika ati huyu hawezi kukunja mkono akunywe chai," alisema. "Mtengenezee. Lakini ukimharibu, hakuna mwingine."

Ningekataa, ila maji nilikuwa nimeshayavulia nguo. "Sawa, Mami."

Alivuta kiti akaketi papo hapo. Sipendi kutazamwa nikifanya kazi, na nilikasirika kweli, lakini nani wa kumfukuza mama mkwe mezani? Nilipoanza kuukata mkono alishtuka kana kwamba nakata wake. Nikatoboa pande zote mbili, nikapachika kiungo chenye kigololi nilichokitoa kwenye toi bovu la sokoni Thika. Kililegea. Mkono ukabaki unaning'inia.

Dawa ya kulegea ni supa gluu. Unapaka utando mwembamba juu ya kigololi ili kinenepe, unakirudisha mahali pake, kisha unakunja na kukunjua bila kupumzika hadi gundi ikauke. Ukiacha kukunja hata kidogo, kiungo kinashika, hakikunjiki tena. Nilipaka, nikarudisha, nikaanza kukunja.

"Wacha tuombe," mama akasema.

Kwake hakuna jambo linalopita bila maombi, na katika maombi mikono hutulia.

"Mami, ngoja kidogo..."

Alikuwa ameshafumba macho. Nikafumba jicho langu moja, vidole vikiendelea kukunja chini ya meza. Plastiki ikalia kwii, kwii. Akaombea nyumba yangu, akaombea mvua, akaombea mbuzi mmoja mmoja. Nilianza kumchukia, Mungu anisamehe. Kisha sauti yake ikabadilika, akamtaja mwanawe kwa jina.

Vidole vyangu vikasimama.

Aliposema amina, kiwiko hakikukunjika. Nikajaribu tena, jasho likinitoka.

"Imeshika?" aliuliza.

"Imeshika. Vidole vilisimama ulipomtaja."

Nilingoja anifokee. Alimtazama askari, akanitazama mimi. "Ngai, Mungu wangu," alisema polepole. "Sasa?"

Nilichemsha maji, nikautumbukiza ule mkono hadi plastiki ikalainika, nikaanza kuvuta. Kigololi kingekatikia ndani, mkono ungekuwa umekwisha. Nilivuta nimeuma meno. Kikachomoka kizima, nami nikalia mbele yake bila aibu.

Nikakikwangua kwa msasa, nikapaka gundi upya, nikakirudisha. Safari hii nilimkabidhi yeye.

"Kunja wewe, Mami. Usisimame. Na tafadhali, usiombe."

"Sasa nifanye nini?"

"Niambie vile alikuwa."

Akakunja, akakunjua. Alianza kwa kusitasita: vile mwanawe alivyomwekea askari huyu kikombe chake mezani, vile alivyomficha kwenye begi siku ya kwanza ya shule. Kisha maneno yakafunguka. Jina la shemeji yangu likawa linatoka karibu kila sentensi, na mara moja mama akacheka. Mkono wa plastiki ulikuwa ukipanda hadi mdomoni na kushuka.

"Imekauka?" aliuliza.

Ilikuwa imekauka kitambo.

"Bado, Mami," nilimwambia. "Endelea."