Nilitaka konti yenye kadi, dada yangu akanichagulia ya saini mbili

Wakuu, nawasalimu kutoka Bukavu, huku mvua imekataa kutuachia nafasi tangu asubuhi.

Nimesoma uzi wa kijana mmoja wa mwaka wa kwanza anayeuliza mwanachuo afungue konti gani. Majibu yote ni kadi, app, makato, ATM iko wapi. Sawa, ni mambo ya maana. Lakini mimi nina habari nyingine, na ni ya kweli tupu. Dada yangu naye yumo humu ndani, kwa hiyo nikiongeza chumvi atanisahihisha kwenye comments bila huruma.

Hii ni ya wakati ule benki za mjini kwetu zilikuwa zinafungua milango kama kawaida, kabla vita havijazifunga.

Baba yetu alifanya kazi kwenye shirika moja hapa mjini. Maman alikuwa ametutoka zamani. Baba naye alipofariki, mwajiri wake alitoa malipo yake ya mwisho, na ukoo ukakubaliana kwamba pesa hiyo ni ya masomo. Masomo ya watu wawili: mimi niliyekuwa naanza sheria, na dada yangu mdogo Nabintu, ambaye ndiyo kwanza amemaliza sekondari na anataka udaktari. Hakukuwa na pesa nyingine nyuma yake. Ile ikiisha, mmoja wetu au sote tunarudi kukaa nyumbani.

Sasa, kwetu mtoto wa kwanza wa kiume akishafiwa na baba anakalishwa kwenye kiti chake mbele ya ukoo. Nilikalishwa. Nikapewa hotuba, nikajiona mzee kabisa, na ndevu zenyewe sina.

Siku ya kufungua konti nilikuwa nimeshachagua. Benki moja ilikuwa na konti ya wanafunzi yenye kadi inayong'aa, wenzangu wa chuo walikuwa wanaitoa mfukoni hata bila sababu. Nikavaa shati safi, nikaenda na Nabintu kwa vile alikataa kubaki.

Tulipofika gishe, pale dirishani pa kuhudumia wateja, kabla sijafungua mdomo, yeye akamuuliza maman mmoja wa benki (yaya ni mimi kaka yake, makuta ni pesa):

"Maman, hii ya karti, yaya akikuya peke yake, makuta inatoka?"

"Inatoka. Code njo inaongea."

"Na kuko yenye haiwezi kutoka mutu mumoja akikuya?"

Maman akatuangalia, akatabasamu. "Iko ya signature mbili. Ile, mpaka mukuye bote babili, kila mutu na kitambulisho yake. Karti hakuna."

"Ile njo tunataka," Nabintu akasema.

Wakuu, niliona aibu! Mtu nimekalia kiti cha baba, halafu mtoto wa juzi anataka kunichunga. Nilibisha pale mpaka foleni ikaanza kuguna. Yeye hakupandisha sauti hata kidogo. Alirudia tu kwamba pesa ni ya wawili, basi na saini ziwe mbili. Nikasaini huku nimenuna. Ile kadi ikabaki kwenye tangazo ukutani.

Miezi ikapita. Ada zikilipwa tulikwenda pamoja, tukasaini pamoja, nikazoea.

Halafu siku moja ya Mungu, baada ya misa, tukaalikwa Kavumu kwa tonton Deo, mdogo wake baba. Huyu tonton ni mtu mwema sana, naomba msimfikirie vibaya. Ndiye aliyetusimamia siku zote za msiba. Tulikula maharage na nyama ya mbuzi, ndugu wa ukoo wamejaa, kicheko tele. Tulipomaliza akasafisha koo, akaniambia mbele ya wote:

"Mukubwa wangu, mutoto yangu anataka kuoa. Ngombe za mahari hazijatimia. Ile makuta ya marehemu iko inalala tu ku benki. Unisaidie, nitarudisha kisha mavuno."

Kwa asiyejua mila zetu: aliyekalia kiti cha baba hamwambii mdogo wa baba "hapana" mbele ya watu. Unaweza kuugua ghafla, unaweza kukimbia, lakini neno hilo halitoki. Nami nikajibu kwa sauti nene:

"Hakuna shida, tonton."

Wakapiga makofi. Nabintu alikuwa anapitisha maji ya kunawa. Alisikia.

Kesho yake tonton akateremka mjini, tukaenda benki watatu. Nikajaza karatasi ya kutolea pesa, nikasaini. Moyo ulikuwa unaniuma kweli, kwa sababu nilijua kiasi alichoomba kinabakiza masomo ya mtu mmoja tu. Lakini neno nilikuwa nimeshalitoa. Nikamsogezea dada yangu kalamu.

Akaishika. Akamgeukia tonton, akapiga goti kidogo kama tulivyofundishwa.

"Tonton, miye sikatale. Nitasaini sasa hivi. Lakini hii makuta njo masomo yetu babili, na weye njo uko baba yetu sasa. Utuchagulie tu: nani abaki ku nyumba, miye ao yaya?"

Tonton alimwangalia, akaniangalia mimi, akavua kofia, akairudisha. Macho yakamlowa.

"Nikichagua hapa, marehemu nitamuambia nini?" akasema polepole. Akachukua ile karatasi, akaichana mwenyewe. "Twende, batoto. Ngombe zitangojea."

Harusi ilichelewa kidogo, ikafanyika na mbuzi wengi kuliko ng'ombe, na bibi harusi hakulalamika. Tonton hakutununia hata siku moja.

Nimewaza sana kuhusu lile goti. Hakumkosea heshima mkubwa, hakunivua nguo mbele ya watu, na pesa haikutoka. Mimi na sheria zangu zote nisingeweza.

Siku ile ya benki, tulipoachana na tonton, nikamwambia Nabintu, "Nabintu, kumbe ulimujua tonton tangu mwanzo."

Akacheka. "Tonton? Hapana. Ile siku ya kufungua konti nilikuwa naogopa weye, yaya. Weye haujuake kukatala. Nikakutafutia konti yenye itakatala mu nafasi yako."

Leo mimi nina diploma yangu ya sheria. Yeye yuko hospitali anafanya stage, yaani mafunzo ya vitendo, ukipita wodini unasikia wagonjwa wanamwita dokta. Kila nikisikia hivyo nabaki nimesimama kama mjinga, najivuna mpaka basi.

Kwa hiyo kijana wa mwaka wa kwanza, kabla ya kuuliza benki ipi ina kadi nzuri, muulize mtu anayekupenda wewe una udhaifu gani. Akishakwambia, chagua konti inayouweza huo.

Karibuni wakuu. Nyie konti zenu mlichagua kwa sababu gani, na ni nani aliyewachagulia vizuri kuliko nyie wenyewe?